Macho ya Ndama

Mjukuu wangu Espoir,

Huku Kilibula tuko salama. Goti la bibi yako limepona, na leo amejiendea mwenyewe Kalundu kununua samaki wadogo wa ndagala.

Unauliza kama umwandikie yule msichana unayempenda neno la Kiingereza, pulchritudinous. Maana yake ni mwenye sura nzuri sana, lakini ni neno adimu. Waingereza wenyewe hulitumia zaidi kwa utani. Nalijua vizuri kwa sababu liliniaibisha. Nilipopanda milimani kujitambulisha kwa wakwe, nilikuwa nimelitoa kwenye kamusi, nikamsifu nalo bibi yako mbele ya baba yake. Mzee akaweka chini kikombe chake cha maziwa.

"Ile ugonjwa iko na dawa?"

Nikamtazama bibi yako, nikasema nilichokiona: "Iko na macho ya ndama." Kwa wale wafugaji hakuna sifa inayopita hiyo. Mzee akanijazia kikombe.

Neno lako litunze kwa ajili ya mtihani wa Kiingereza. Msichana mtazame kwanza, ndipo umwandikie.

Bibi yako anaingia sasa hivi na samaki wake. Siku hizi anavaa miwani, lakini macho ni yale yale.

Babu yako