Mtoto wa Gare Amepanda Mnara wa Nzilo

Manika, Kolwezi
12 Januari 2020

Mpendwa yaya Kabongo, kaka yangu mkubwa,

Pokea salamu za nyumba nzima. Goti lako linaendeleaje na mvua hizi? Na mama Mianda, mke wako, presha yake imetulia? Sisi tunapumua, Mungu ashukuriwe. Barua hii jirani yetu Laurentine atakufikishia Mbuji-Mayi mkononi, kwa kuwa simu za Kolwezi hupokei tangu treni ile ya 1993 iliyokuondoa huku. Nimeandika Kiswahili makusudi. Najua uliapa hutakisema tena, lakini kukisoma hukuapa.

Habari za huku si nzuri zote. Bei ya kobalti imeporomoka, migodi imefunga milango, na majirani wengi wamekaa nyumbani. Mume wangu Ngeleka bado anaitwa kazini, siku mojamoja.

Lakini kalamu nimeishika kwa ajili ya Mignonne. Yaya, ninajivuna na sitaki kuficha. Yule mpwa wako sasa ni fundi wa antena za intaneti. Siyo zile za zamani zilizotupa mawimbi kila upande. Hii mpya inasikiliza kwanza simu iko wapi, halafu inaelekeza nguvu zake huko, na mtu akitembea inamfuata. Ni kama mama sokoni: kelele zote zile, lakini mtoto wake akilia anamgeukia. Mignonne ndiye alinieleza hivyo.

Kampuni yao ilitaka kuifunga kwenye mnara wa kilima cha Nzilo, karibu na bwawa. Wakaja mainjinia wawili kutoka Kinshasa na karatasi zenye mihuri, wakapanda kilima bila kumsalimu mama Numbi, mwenye udongo wa pale, yaani mlinzi wa ardhi ya mababu. Wewe umekulia huku, unajua maana yake. Kesho yake watu wa mama Numbi walikuwa wameifunga njia. Kampuni nayo, kwa jinsi migodi ilivyolala, ikasema antena isiposimama wiki hiyo, mafundi wote watarudi nyumbani.

Mignonne akaomba aende yeye. Nilimwambia ataje jina lake tu, mambo ya ukoo ayaache. Niliogopa, na unajua nilichokiogopa. Nikamfuata. Akabeba unga mweupe na kuku mweupe, akapiga magoti, akapiga makofi kama inavyotakiwa. Mama Numbi akamuuliza ni mtoto wa nani.

— Siye tuko batu ba Kasai, akajibu. Mama alinizala ku gare ya Kolwezi, wakati balikuwa banatufukuza.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaiona tena gare ile, stesheni tulikorundikwa watu wa Kasai wenyeji walipotufukuza: wewe umeshika shuka kunisitiri nikijifungua, masista wakinipeleka hospitali, na treni ikiondoka nawe.

Mama Numbi akachukua pemba, ule udongo mweupe wa baraka, akampaka kwenye paji la uso na mikononi.

— Mwenye alizaliwa huku, eko mutoto ya hii udongo, akasema. Panda, mama.

Akapanda na pemba yake mikononi. Nililia mbele za watu bila haya. Siku hiyohiyo antena ilianza kufanya kazi, na mafundi wamebaki kazini.

Sasa sikiliza, yaya, maana hili ndilo ombi langu. Jumapili baada ya misa Mignonne atakupigia simu ya picha kutoka Nzilo. Anataka kumwona mtu aliyeshika shuka. Uliapa kwamba mguu wako hautakanyaga tena Kolwezi, na kiapo chako nakiheshimu. Kaa tu kwenye kiti chako na simu mkononi. Antena itamgeukia mtoto wetu popote atakaposimama. Aliyebaki kugeuka ni wewe.

Nisalimie mama Mianda, Badibanga na Mukuna mdogo. Mungu akuponye goti, na pale pengine panapouma.

Mdogo wako akupendaye bila kukuomba ruhusa,
Ndaya