Zamu Uliyompisha Mama Salha

Mama,

Shikamoo. Nimekaa kwenye meza yako ya viungo hapa Kariakoo, naandika huku nauza mdalasini. Leo Jumamosi, ofisini hatuendi. Wateja wanasema nimefanana na wewe, na mimi naona aibu.

Kila mwisho wa mwezi ulikuwa unaniuliza, "Umeweka, mwanangu?" Najibu, "Nimeweka, mama." Muongo mkubwa! Sikuwa nimeweka hata shilingi. Mshahara ukiingia, kwanza simu ya mkopo, halafu michango ya sendofu za watu ninaowajua kwenye magrupu tu. Mchezo wenu wa akina mama, wa kuchanga na kupokea kwa zamu, nikauita mambo ya kizamani. Msomi mzima, ofisini napanga bajeti za watu, yangu sina.

Basi ulipoanza kuumwa, na zamu yako ya kupokea mchezo ikafika, ukampisha Mama Salha wa meza ya pili alipe ada ya mtoto. Ukawaambia, "Mimi mwanangu kaweka." Tena kwa maringo, Mama. Nilikuja kuambiwa msibani.

Hospitali walipotaka pesa ya upasuaji, nilikuwa na elfu arobaini. Nikadanganya tena, eti pesa imekwama benki. Akina mama wakachangishana, siku tatu zikapita, ukawa umeshachoka. Sijui kama siku zile zingekuokoa. Daktari hakusema, na mimi niliogopa kumuuliza. Nisamehe, Mama'angu.

Siku hizi mshahara ukiingia naweka kwanza, ndipo natumia. Nimekata bima. Kijumbe wenu, anayekusanya pesa za mchezo, kaniandika kwenye nafasi yako, na kila Jumapili napeleka bila kukumbushwa. Nimejifunza, lakini nimejifunzia kwako, na hilo halinitoki.

Kinachonimaliza ni Mama Salha. Yeye anaamini ndiye aliyekula pesa ya matibabu yako. Kila akija hapa analia, ananiomba msamaha, ananimiminia uji. Na mimi napokea, nakunywa.

Nilipanga niwaambie wote kesho kwa kijumbe kwamba hakuna pesa iliyokwama benki. Wakinifukuza, haki yao.

Lakini namwona Mama Salha anakuja sasa hivi, kashika chupa na vikombe viwili. Pumzika, Mama. Nakuahidi, uji wa leo siunywi kabla sijamwambia.

Mwanao