Mama, Wamenipa Sherehe ya Uhuru

Mama yangu mpendwa,

Huko ulikolala nadhani habari za mikutano ya mtaa hazifiki, basi acha nikupe. Jana hapa Ruangwa tumechagua watu wa kujitolea kuhamasisha sherehe za Uhuru: kupita nyumba kwa nyumba, kuhimiza usafi, kukusanya vikundi vya ngoma na kuwatoa watu ndani siku yenyewe ikifika. Posho hakuna, kuna fulana tu. Na mwanao nimo.

Najua ungeuliza, "Wewe? Wamekuonea wapi?" Jirani yetu Mama Zuhura ndiye aliyetaja jina langu. Nilisimama huku nakuwaza wewe.

Unakumbuka siku za Uhuru nyumbani kwetu? Ulikuwa unatuamsha mapema, unatuogesha, unatupaka mafuta mpaka tunang'aa, nguo umeshazipiga pasi ya mkaa tangu jana yake. Halafu wewe unabaki. Unakaa barazani na ungo wako wa mbaazi, ngoma zinasikika kutoka uwanjani, na nikikuvuta mkono unasema, "Nendeni nyie. Nyie mmezaliwa hapa." Sikuelewa mpaka nilipokua, mama mdogo aliponieleza. Mlivuka naye mto Ruvuma mkiwa wasichana, mkikimbia vita Msumbiji, na siku moja kisimani mwanamke mmoja akakwambia mbele za watu, "Uhuru huu si wenu. Subirini wa kwenu." Hakuwa mtani wako, wala hakuwa anacheka. Tangu hapo hukuweza tena kutofautisha utani na tusi. Neno lile ulikwenda nalo kaburini, Mama, na mimi linaniuma mpaka leo.

Basi jana nimesimama pale, Mzee Issa akanyanyuka. Yuleyule Mmwera wa nyumba ya pili, mtani wetu sisi Wamakua tangu enzi za mababu, ambaye kila akipita kwetu hakosi la kusema, na wewe kila mara ulikuwa unajifunga khanga yako vizuri na kuingia ndani.

"Napinga!" akasema. "Huyu Mmakua ndiye mnamkabidhi sherehe? Pilau haitafika uwanjani, ataimaliza njiani!"

Watu wakacheka. Lakini mkutano ulikuwa unasimamiwa na afisa mmoja kijana, mgeni wa huku, bado hajajua nani mtani wa nani. Akakunja uso. Akasema mtu mwenye pingamizi hawezi kupitishwa, na mambo ya makabila hataki kuyasikia. Jina langu liwekwe pembeni, atajwe mwingine. Kicheko kikakatika. Nikaona ya kisimani ndiyo haya yamenifuata na mimi. Nikaanza kukaa.

"We bwana mdogo, ngoja kwanza," Mzee Issa akasema, safari hii bila mzaha. "Huyu ni mtani wangu. Namtania kwa sababu ni wa hapa. Mgeni nitamtaniaje? Mgeni namkaribisha, nampa kiti, yamekwisha. Ukimtoa huyu, nitoe na mimi."

Watu wakapiga makofi. Afisa akacheka kwa aibu, akaniuliza kama nakubali. Mama, sijui ulimi niliutoa wapi.

"Nakubali," nikasema, "ila Mzee Issa msimpe kazi ya kuamsha watu. Mmwera akiamka, sherehe imeshakwisha!"

Kwa ulivyonilea kuheshimu wakubwa, ungenifinya. Lakini yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, mpaka kofia ikamdondoka.

Tulirudi naye njia moja. Tulipokaribia kwetu akapunguza mwendo.

"Mwanangu," akasema, "mama yako nimemtania miaka yote, hakunijibu hata mara moja. Nilimkosea nini?"

Nikamweleza ya kisimani. Akasimama, akavua kofia.

"Kumbe mimi namtania mwenzangu," akasema, "yeye anasikia anafukuzwa."

Tuliagana pale, nikaingia ndani, nikalia kidogo, kisha nikabandika chai. Leo nimeamka nikiwa mtulivu. Nina furaha, na nina majonzi kwamba furaha hii imekuja wewe hupo. Kesho naanza kazi. Nimeambiwa nianzie kwetu, niteremke mpaka sokoni. Nitakwenda kifua mbele, sitamnyenyekea mtu.

Ulikuwa wa hapa, Mama, siku zote zile. Sisi ndio tumechelewa kukwambia.

Lala pema.

Ni mimi kitindamimba wako,
Mmakua wa Ruangwa