Jioe Mwenyewe

Jumatatu, 19 Mei 1975

Chaki zimekwisha tangu wiki iliyopita. Leo nimeandikia vipande vya muhogo mkavu. Vinaandika vizuri tu — shida ni mbuzi. Mmoja aliingia ghalani tunakosomea, katikati ya somo, akala chaki hizo zote zilizokuwa mezani! Darasa lilicheka hadi na mimi nikaketi chini.

Vitabu tulivyoletewa ni vya kilimo cha pamba. Susuni nzima hakuna mche wa pamba. Basi, tunasoma pamba, tunalima mahindi. Lakini leo Mzee Werema, mwenye wajukuu tisa, ameandika jina lake peke yake. Hakuridhika na daftari. Alitoka nje akaliandika mavumbini kwa fimbo, halafu akalizungushia boma la vijiti, asije mtu akalikanyaga.

Na haya yote kwa posho ya shilingi thelathini kwa mwezi! Ya Machi imefika juzi. Hata wasipoleta ya Aprili, keshokutwa nitakwenda tu.

Naandika nyuma ya rejista ya zamani iliyonyeshewa. Nyumbani tunaojua kusoma ni mimi na kaka Magige, na Magige hana habari na rejista. Baba hataki darasa. Anasema hawezi kufundishwa na mtoto aliyemzaa mwenyewe. Nimemsihi miaka miwili.

Jumatano, 21 Mei

Mambo yameharibika.

Matiko wa Genkuru ametuma watu kwa baba. Mzee, wake watatu, ng'ombe tele. Ananitaka mimi. Na baba anawataka ng'ombe, kwa sababu Magige ana mchumba, Felista, na baba yake Felista amesema ishirini na wawili, hapungui hata mmoja. Sisi tunao kumi. Kwetu kaka huoa kwa ng'ombe wa dada yake, na dada aliyepangiwa Magige ni mimi. Hesabu hiyo hata darasa langu la hatua ya kwanza linaiweza.

Nikasema, na wanafunzi wangu je? Baba akasema wanafunzi watapata mwalimu mwingine, Magige hatapata dada mwingine. Genkuru kuna darasa, ndiyo, lakini lina mwalimu wake, na Matiko ameshasema mke wake hatoki bomani kwenda kushika chaki.

Nikakasirika. Nikasema nitatafuta ng'ombe mwenyewe! Baba alicheka mpaka akakohoa. "Haya! Leta ng'ombe kumi na wawili, ujioe mwenyewe."

Alisema kwa mzaha. Ila mbele ya Magige na mbele ya mama alisema pia kwamba atangoja mpaka ulezi uvunwe, Agosti. Neno limetoka. Mimi nimelishika.

Nina miaka ishirini. Wenzangu wa rika moja wana watoto wawili wawili. Sijui kwa nini mimi nautamani ubao tu.

Ijumaa, 30 Mei

Nimepata njia!

Mama Waisiko, yule mjane mwenye boma kubwa upande wa mto, mwanafunzi wangu, aliniomba nimwandikie barua kwa binti yake Esta, aliyeolewa na mchuma chai huko Kericho. Nikaandika. Kesho yake akaleta kuku. Sikuomba. Nikamwambia, mama, ni kazi ndogo. Akasema mkono mtupu haulambwi, mwalimu.

Leo wamekuja wengine wawili. Mmoja mwanawe yuko jeshini, mwingine mumewe yuko Nairobi na amenyamaza tangu Krismasi. Kuku mmoja kwa barua ndefu, mayai sita kwa fupi. Kuku wakizaana watakuwa mbuzi, mbuzi wakizaana watakuwa ng'ombe. Haba na haba hujaza kibaba. Nimeona tayari boma limejaa!

Jumamosi, 14 Juni

Kuku tisa. Mbuzi mmoja jike. Jioni mkono unauma kwa kuandika salamu za watu.

Ndugu Benedicto, Mratibu wa Elimu, alikuja jana kukagua. Wanafunzi wakasoma vizuri, akafurahi. Kisha akaniita pembeni. Amesikia mwalimu anatoza kuku. Huo ni unyonyaji, Ndugu Robi, mwalimu wa kisomo ni askari wa vita dhidi ya ujinga. Alisema mengi. Nikatazama chini. Alipomaliza akauliza kama yule jogoo mwekundu nitamwuzia kwa bei ya kindugu.

Nilimwuzia. Nifanye nini?

Jumatano, 18 Juni

Leo nimepata kofi ambalo hakuna aliyenipiga.

Yule mwanamke ambaye mumewe yuko Nairobi alikuja baada ya darasa, nikatoa kalamu. Akasema, hapana mwalimu, leo naomba bahasha tu. Barua ameandika mwenyewe! Mistari sita. Alinionyesha. Nikaisoma, nikamkumbatia, nikafurahi kweli, Mungu ni shahidi. Halafu nikiwa njiani nikakaa juu ya jiwe. Mteja wangu amekwenda. Na nani kamfukuza? Mimi.

Kila ninayemfundisha vizuri ananitoka. Nikifanya kazi yangu sawasawa, kufika Agosti hakuna atakayenihitaji hata kwa yai. Nikiifanya vibaya, nitapata ng'ombe wa kubakia kwenye kazi hiyohiyo ninayoifanya vibaya. Nilicheka peke yangu pale juu ya jiwe. Wapita njia wakasema shikamoo mwalimu, nikasahau kuitikia.

Jumatatu, 23 Juni

Siandiki mengi. Nimefanya jambo baya.

Tulikuwa tunapanga watakaofanya mtihani wa taifa wa Agosti. Mama Waisiko akasimama akasoma ukurasa mzima wa palizi ya pamba. Polepole, lakini hakukosea hata neno. Watu wakapiga makofi. Kuku wake ni nusu ya kuku wangu. Na ameahidi kwamba tukifikisha barua ya kumi atanipa mtamba.

Nikamwambia, mama, bado kidogo. Ngoja mwaka kesho.

Alinitazama. Akasema sawa, mwalimu, wewe ndiye unayejua. Akakaa.

Bado kidogo! Mimi nimesema hivyo. Mimi niliyemwona Mzee Werema akilijengea jina lake boma.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani sikuimba.

Baadaye nilikaa na Magige tukimenya mahindi. Nikamwuliza, hivi Felista angengoja mwaka mmoja? Akasema Felista angengoja, baba yake ndiye hatangoja, kuna mtu wa Ringwani ameshaanza kupita pita. Nikasema, na wewe unataka niende Genkuru? Ni mpole, Magige, hajawahi kunipiga hata tulipokuwa wadogo. Akasema, "Robi, nikikuambia usiende nitakuwa nakudanganya."

Nimempenda zaidi kwa hilo. Na nimelia.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Ngoma kijijini, hotuba ndefu, pombe fupi — iliisha kabla ya saa nane.

Nilimtafuta Mama Waisiko katikati ya watu. Nikamwambia jina lake nimeliandika kwenye orodha ya mtihani. Nikajaribu kusema na lile jingine, kwamba nilikosea, kwamba nilijua. Yeye akanishika mkono akasema tu, basi tuandike barua ya Esta. Ilikuwa ya kumi.

Jioni akamleta mtamba mwenyewe, akimswaga kwa kijiti. Mweusi, doa jeupe kwenye paji la uso. Magige amempa jina: Chaki.

Baba alimzunguka mara mbili, akamfungua mdomo, akamshika nundu. Hakucheka safari hii. Akasema, "Bado kumi na mmoja."

Jumatano, 30 Julai

Wiki tatu hakuna barua. Wote wanaandika wenyewe! Darasani wanatumiana vikaratasi vya matusi kama watoto wa shule. Mzee Werema ameandika kwamba mke wake mkubwa anapika ugali mbichi, na mke wake mkubwa, aliye dawati la nyuma, amemjibu kwa maandishi. Nimecheka mpaka nimeumwa mbavu. Sijawahi kuwa na darasa kama hili.

Ulezi wa baba umeiva.

Alhamisi, 14 Agosti

Mtihani umekwisha jana. Wasimamizi wawili walikuja na karatasi zimefungwa kwa lakiri. Mimi nilitolewa nje, nikazunguka ghala kama kuku anayetaka kutaga. Wa kwanza kutoka alikuwa Mama Waisiko. Nikamwuliza, vipi? Akasema walimtaka aandike barua fupi. "Nikaona, kumbe ni hiyo tu!"

Akaniuliza na mimi, Genkuru ni lini? Nikamwambia watu wa Matiko wanakuja Jumapili kuangalia na kukubaliana. Akauliza kama nataka. Nikasema hapana. Sikumbuki kama kuna mtu mwingine aliwahi kuniuliza.

Jumamosi, 16 Agosti

Niko jikoni. Magige yuko malishoni, baba yuko nje chini ya paa la ghala la ulezi, anangoja. Nitaandika haraka.

Asubuhi mjukuu wa Mzee Werema alileta barua. Ya baba! Baba hajawahi kupata barua maishani. Aliigeuza geuza, akainusa, akaiweka mfuko wa shati, akashinda nayo mpaka niliporudi kutoka kisimani. Kisha akanipa kwa mikono miwili. Soma.

Nikaujua mwandiko kabla sijafungua. Nikasoma mstari wa kwanza kimoyomoyo, wa pili, wa tatu. Nikasema, baba, mwandiko ni wa shida, ngoja nikauangalie ndani. Mwandiko si wa shida hata kidogo. Nainakili hapa, nisije nikafikiri nimeota.

"Susuni, 15-8-1975. Kwa Mzee Nyangwine. Salamu sana. Mimi ni mzima na ng'ombe ni wazima. Dhumuni la barua hii ni binti yako Robi. Unajua sina mtoto wa kiume na nyumba yangu itazimika. Nataka kumwoa Robi kwa mila yetu, nyumba ntobhu. Natoa ng'ombe kumi na wawili. Yule mtamba mweusi ni wa Robi, simhesabu. Robi atakaa kwangu na atafundisha mpaka achoke yeye. Watoto atakaozaa watakuwa wa nyumba yangu na nitawarithisha.

Sikutuma mshenga kwa sababu mshenga angesema na wewe kwanza. Najua atakayekusomea barua hii ni yeye. Mwalimu, mimi nilijua kusoma tangu mwezi wa tano. Uliponiambia bado, nikaona shida iliyokukuta. Kuku nilileta kwa kupenda, na barua za Esta nilikuwa naweza kuandika mwenyewe.

Kama hutaki, msomee baba yako maneno mengine. Hatajua. Mimi Waisiko."

Alijua! Barua zote zile nilizoandika ameketi mbele yangu na kushika kidevu, akiniambia weka na hili, weka na lile — alijua. Naona aibu mpaka masikioni.

Kumi na wawili. Magige amwoe Felista. Mimi niende darasani Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kutoka boma la mto, ni karibu hata kuliko hapa. Ndicho nilichokuwa nakitaka. Sikutaka kitu kingine tangu Mei.

Na watoto, je? Nizae na nani? Barua haisemi. Kwa mila hiyo ya mwanamke kuoa mwanamke nitachagua mtu, au Mama Waisiko atanichagulia, na mtu huyo hatakuwa mume wangu wala baba wa wanangu. Katekista atanitoa kwenye meza ya Bwana. Na mimi — niandike tu, hakuna atakayesoma — na mimi nilikuwa na tamaa yangu ndogo, kwamba siku moja atakuja mtu anitake bila kuangalia kwanza boma lina ng'ombe wangapi. Sijui sura yake. Nilikuwa namweka mbele, baada ya darasa, baada ya mtihani.

Mama Waisiko naye ananitaka. Ila ananitaka nikiwa mwalimu. Huyo wa Genkuru hajui hata kama naandika kwa mkono gani.

Naweza kusoma: Mzee Nyangwine, naomba kuazima jembe. Baba atasema jembe lipo. Kesho watu wa Matiko wataingia.

Naweza kusoma kama ilivyo. Baba anaweza kukubali papo hapo, akampigia Magige kelele za furaha, na hakuna atakayeniuliza mara ya pili.

Anaita. "Robi! Inasema nini?"

Miaka miwili nimemsihi aje darasani. Nimembembeleza, nimegombana naye, nimemwachia kitabu cha pamba kitandani. Sikuwahi kutamani baba ajue kusoma kama ninavyotamani sasa hivi.

Anaita tena. Nakuja, baba.