Goti la Chidawali

Jumanne, baada ya chakula cha jioni

Lazima niandike.

Leo wajukuu zangu, Neema na Yona, walitandika godoro uani wakajaribu mieleka ya Kibrazili waliyoiona kwenye kibanda cha video. Neema alilala chali, akamfunga Yona kiunoni kwa miguu.

"Umeshashindwa, mama," nikamwambia. Kwetu mgongo ukigusa chini mchezo umekwisha.

"Bado, babu! Hapa ndipo tunaanza. Lazima aipite miguu yangu."

Yona alihangaika mpaka nikaropoka: "Libane goti lake chini, ulivuke, umlalie ubavuni." Akapita.

Neema akacheka. "Kumbe babu fundi! Ulijifunza wapi?"

Nilishtuka, nikaingia ndani.

Kwa Chidawali, rafiki yangu. Tulikuwa vijana, wawili tu, tunachunga ng'ombe, tukashikana mieleka. Mgongo wake ulishagusa mchanga, nilishashinda, naye aliinua miguu kujikinga tu. Nikalikandamiza goti lile mpaka likalia.

Watu walipofika nikasema ameteguka akianguka. Chidawali hakukanusha. Anachechemea mpaka leo, huko Nzuguni, na kila Krismasi ananiletea kuku.

Nimemwambia Neema anipeleke kwake kesho. Nikifa kabla, amsomee Chidawali ukurasa huu.