Mzigo wa Ngamia Mmoja

Jumatatu, 3 Februari

Chai ya pili. Nyuzi za mkeka ndani ya kikombe tena. Mke wangu Dahabo anasuka pale barazani tangu mvua ziishe, na makapi yote yanaishia mdomoni mwangu. Nikimuuliza mikeka ni ya harusi ya nani, anasema kunywa chai, odey. Odey ni mzee. Aliniita hivyo hata nilipokuwa na meno yote.

Leo baada ya adhuhuri nimewaambia wazee msikitini mimi ni mtu wa namna gani. Mtu wa vitu vichache. Nyumba ya baba yangu yote ilibebwa na ngamia mmoja, na aliyempakia ni mimi, miaka tisa, peke yangu, alfajiri, baba ananitazama tu. Watu wa siku hizi hawahami bila lori mbili. Gaabow, rafiki yangu yule mfupi, alikosa la kusema. Alitazama chini tu.

Jumanne, 4 Februari

Sawa. Ni uongo.

Nilizaliwa hapa hapa Garissa, nyuma ya machinjio, nyumba ya mabati. Baba alikuwa mpishi wa bwana mkubwa wa serikali. Ngamia nilimjua kwenye sufuria.

Shida si uongo, kwani huo ndio wa kwanza? Shida ni kwamba Gaabow alimwambia mkewe, na mkewe akamwambia Dahabo. Na Dahabo ndiye mtoto wa porini kweli, upande wa Modogashe, mjini alikuja msichana mkubwa. Amecheka mpaka akashika ukuta. Halafu akaacha kucheka. Akazunguka nyumba nzima akitazama vitu kimya kimya, kama daktari wa mifugo.

Sikuupenda ule ukimya.

Jumatano, 5 Februari

Fowzia, binti yetu wa Nairobi, anamtumia mama yake sauti kwenye simu. Ati huko kuna watu wenye uwezo wao wanaishi na sahani mbili na godoro moja, na roho zimetulia. "Hooyo, mama yangu, toa vitu, nyumba ipumue." Nikamrudishia sauti yangu: na wewe viatu vyako thelathini vinapumulia wapi?

Dahabo amenipa sharti mbele ya Gaabow. Makusudi, ili nisiweze kukataa. Nilisema ngamia mmoja? Haya. Vitakavyokaa juu ya ngamia mmoja vibaki. Vingine vyote vitoke kabla ya Ramadhani. Gaabow ananitazama kwa meno yote. Ningefanya nini? Nikasema hata nusu ngamia inanitosha.

Mjinga mimi.

Ijumaa, 7 Februari

Miaka mingi nililinda ghala la wajenzi wa barabara, nikiandika kila kinachopita getini. Mkono haujasahau. Ndiyo maana naandika hata hili, na ndiyo maana ni kwa Kiswahili. Darasa la nne halikunipa lugha nyingine ya kalamu.

Vilivyotoka leo: sofa zote, bado ziko na nailoni ya dukani. Kabati la kioo. Chupa za chai kumi na moja. Imebaki moja, na ni ile inayovuja. Mazulia manne. Vikombe vya maua ambavyo hakuna mdomo uliowahi kuvigusa, vilikuwa vinangoja mgeni mkubwa. Mgeni hakuja. Vyote vimepanda pikapu kwenda Dagahaley kwa binamu ya Dahabo anayefungua mkahawa. Sasa wateja wa binamu watakalia sofa zangu, na mimi mwenye sofa nakaa chini kama kuku.

Nina hasira. Wala si kidogo. Nimekataa chakula cha mchana. Saa tisa nilikula, lakini kwa hasira.

Jumapili, 9 Februari

Asubuhi Dahabo alikanyaga mwiba akiburuta fito uani. Fito ndefu zilizopindwa, sijui za nini, za banda la kuku labda. Niliutoa kwa sindano, miwani mbili usoni, nusu saa nzima. Hakuguna hata mara moja. Ulipotoka akasema, "Nina deni lako, odey. Utaniambia unataka nini." Nikamwambia nataka sofa. Akavuta mguu wake.

Mchana akaingia chumba changu cha nyuma. Hapo ndipo damu iliponipanda.

Redio kumi na nne. Ndiyo, zimekufa. Lakini nitazitengeneza, nimesema nitazitengeneza tangu Fowzia yuko shule. Tairi moja zima. Saa tatu za ukutani, zote zimekubaliana kutokwenda. Debe la skrubu. Milango miwili ya gari ambalo sikuwahi kuwa nalo. Nikasimama mlangoni nikanyoosha mikono kama mlinzi, ambaye ndiye mimi. Hakuna kitu kinatoka hapa.

Hakubishana. Alisema tu, ngamia mmoja, akaenda kusuka.

Ningependa abishane. Mtu akibishana nawe bado mko pamoja.

Jumatano, 12 Februari

Nyumba imekuwa tupu, ukikohoa ukuta unakujibu. Na Dahabo anakohoa sana. Kwa hiyo ukuta una kazi.

Nimeanza kuelewa jambo na silipendi. Kwa watu wao wa porini nyumba ni ya mwanamke. Yeye huisuka, yeye huisimamisha, yeye huishusha. Akiishusha, watu wanahama. Hilo hata mtoto wa machinjio analijua.

Ndugu yake anakuja kutoka Modogashe na ngamia wa kuuza sokoni. Amempigia simu mara tatu, na mara zote tatu alikwenda kuongea nyuma ya jiko. Miaka arubaini na tatu ya ndoa. Hajawahi kunificha neno, mabaya yote alikuwa ananiambia usoni.

Anahama. Ananiachia kuta. Atakaa na mbuzi wa ndugu yake, na mimi nitakaa na mwangwi. Sawa. Lakini mtu anayekuacha aseme. Asikufagie polepole, chumba kwa chumba, kama vumbi.

Sikumuuliza. Nilimwambia chai haina sukari. Ilikuwa na sukari.

Jumamosi, 15 Februari

Leo siandiki.

Naandika. Hasira hainiachi nikae.

Shemeji alimpigisha ngamia magoti katikati ya uani. Dume jeusi, uso wa mkwe aliyenuna. Majirani wamejaa ukutani. Gaabow alikuja na kiti chake mwenyewe.

Nikapakia. Redio saba kushoto, saba kulia. Saa juu. Tairi shingoni, alinitazama vibaya lakini akavumilia. Nikafunga fundo la viatu maana ndilo ninalolijua. Kumbe ngamia huinua nyuma kwanza! Hakuna aliyeniambia. Matako yakaenda mbinguni, mzigo wote ukateremka shingoni, ukampita kichwa, ukamwagika. Redio moja niliyoitia betri juzi ikakoroma chini ya tairi.

"Ulikuwa na nguvu zaidi ulipokuwa na miaka tisa!" Huyo Gaabow. Watu wakaangua kicheko mpaka kuku wakakimbia.

Halafu Dahabo, bila kupandisha sauti: "Na ni mwanamume gani aliyewahi kumpakia ngamia nyumba? Hiyo ni kazi ya mama yake. Ukitaka kudanganya, odey, ungeniuliza kwanza."

Walijua. Wazee wote pale msikitini walijua tangu siku ile. Gaabow hakukosa la kusema, alikuwa anazuia kicheko. Siku kumi na mbili nimetembea mji huu kama shujaa na wote wanajua.

Kisha akavua viatu, akapakia yeye. Mikeka kwanza, kulinda mbavu za mnyama. Fito pande mbili, zimeinama juu kama pinde. Ndani yake godoro moja, sufuria moja, kibuyu cha maziwa alichoachiwa na mama yake. Anavuta kamba kwa goti. Mwanamke huyu anaomba mtu amfungulie chupa ya dawa! Ngamia akainuka, nyuma kwanza, na hakuna kilichotikisika. Ilipendeza, wallahi, na kupendeza kwake kukanizidishia hasira.

Maana nilitazama mzigo wote. Hakuna kitu changu. Hata kofia.

Nikapiga kelele mbele ya watu wote. Nenda! Nenda na ndugu yako! Mimi nina redio zangu!

Nikaingia ndani, nikafunga mlango wa mbele, nikafunga na wa nyuma. Nikasikia kengele ya ngamia inazunguka ukuta. Halafu ikakoma.

Jumapili, 16 Februari

Sijatoka. Sijui kama ameenda. Sitaki kujua.

Mtu anagonga gonga huko nyuma. Jirani, nadhani.

Nimepika chai mwenyewe. Maji ya moto yenye aibu.

Kikohozi chake sijakisikia tangu jana. Sikujua kikohozi kinaweza kukosekana nyumbani.

Redio kumi na nne na hakuna hata moja yenye la kuniambia.

Jumatatu, 17 Februari

Nimefungua mlango wa nyuma.

Iko pale, kati ya jiko na tangi la maji. Nyumba ya duara, ndogo, fito zimefunikwa kwa ile mikeka iliyokuwa inaniingia kwenye chai. Ngamia ameshaenda sokoni. Dahabo amekaa mlangoni pake anachambua mchele. Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Amesema mabati yanamchoma, na vumbi la vile vitu lilikuwa limemkaa kifuani. Humo amelala mara mbili na hajakohoa. Na zile simu? Alikuwa anaomba kamba za ngozi kwa ndugu yake. Alinificha kwa sababu ningezitangaza msikitini kabla hazijafika, tena ningesema nimezisokota mimi. Sikubisha. Ningesema.

Nikamuuliza kwa nini hakupakia kitu changu hata kimoja. Akasema mzigo wangu niliupakia mwenyewe, nikachagua redio, na redio alizikuta zimelala chini.

Nimechagua. Kofia. Miwani zote mbili. Daftari hili na kalamu. Redio moja, ile iliyokoroma, huenda bado ina roho. Kumi na tatu nimempelekea Gaabow na tairi juu yake. Amekasirika sana, mkewe zaidi. Nimefurahi kwa mara ya kwanza wiki hii.

Suala la sofa bado sijalisamehe. Liandikwe hivyo.

Sasa ni mchana, jua kali. Nimesimama na vitu vyangu kwenye mlango wa mikeka. Godoro ni moja, naye amejilaza katikati kama wa kifalme, macho amefunga, halali, namjua. Kusoma hajui, kwa hiyo naandika hapa kwanza nipate maneno, halafu niinamishe kichwa niingie niyaseme:

Dahabo. Ule mwiba, nusu saa, miwani mbili. Uliniambia nikuambie nataka nini. Sogea kidogo.