Fundo la Mkono wa Kushoto

Mkonze, Dodoma
Jumapili, mwezi wa sita

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Najua utaitikia kwa sauti kana kwamba nimesimama mlangoni, kisha utamwuliza Evodia kwa nini dada yake kaandika karatasi nzima na simu ipo. Simu ipo, Baba, lakini kwenye simu unaniuliza kama nimekula, nakujibu nimekula, unaniambia Mama anasalimu, na salio linaisha. Haya ninayotaka kusema yanahitaji nafasi. Naomba usome mwenyewe kwa miwani yako, usimpe Evodia akusomee.

Goti lako linaendeleaje na baridi hii? Bado unalipaka ile dawa ya kuchua, au umeirudisha kabatini ukasema inanuka? Mama je, presha yake imetulia? Nimesikia yule mtamba mwekundu amezaa salama. Nilifurahi sana, maana mara ya mwisho nilipokuja ulikuwa unaamka kumtazama kama mgonjwa wa wodini. Mtama nao nadhani mmeshaupiga. Mimi ni mzima. Upepo wa Mkonze msimu huu unakuja na vumbi lake lote, asubuhi natoka na masweta mawili, lakini mwili hauna shida na moyo umetulia.

Nilipokuambia nimepata kazi duka la viatu ulirudi kuniuliza kama nimekula. Nilijua unawaza stashahada yangu ya utunzaji wa kumbukumbu, na kwamba ulitamani kusikia nimeingia ofisi ya serikali. Sikukulaumu. Sasa nimetimiza miezi minane, na napenda nikuambie jinsi kazi yenyewe ilivyo, usije ukadhani mwanao anashinda akipanga maboksi.

Duka lipo karibu na soko la Majengo. Mwenyewe ni Bwana Jayant, aliyelirithi kwa baba yake. Ila anayelitawala ni mama yake, mzee wa miaka sabini na kitu, mzaliwa wa Kondoa, ambaye hata wabeba mizigo wa sokoni wanamwita Mama Jashoda. Anakaa kwenye kiti karibu na dirisha. Kila asubuhi nikimwamkia shikamoo anaitikia marahaba, halafu ananiuliza nimeota nini. Nikisema sikuota, anasema basi nililala vizuri.

Wiki ya kwanza alinipa viatu vitano vya namna moja, akaniambia nivitie kamba kwa namna tano tofauti. Nilitia cha kwanza kwa msalaba, kama tunavyofanya wote. Cha pili nikaganda. Nilimwambia kwamba sijui namna nyingine, na sikuwahi kufikiri kwamba ipo. Akacheka hadi akashika mbavu. Akasema yeye na marehemu mumewe walizihesabu wakafika thelathini na kitu, wakaacha kwa kuchoka.

Baba, sikuamini mpaka nilipoona kwa macho. Alikuja karani mmoja wa Bunge, kijana anaitwa Wambura, akilalamika kwamba viatu vyake vipya vyeusi vinamfanya aonekane mwanafunzi wa sekondari. Nilidhani Mama Jashoda atamwuzia vingine. Alizichomoa kamba akazipitisha upya, misalaba yote ikajificha chini, juu ikabaki mistari minyoofu iliyolala sambamba. Wambura alijitazama kwenye kioo, akasema kesho hata waheshimiwa watampisha mlangoni. Akaja muuguzi aliyekuwa na mfupa umetokeza juu ya mguu, kila jozi inamuumiza. Mama Jashoda aliniambia pale penye mfupa nisivushe kamba, niipandishe pembeni tu, nivushe tena mbele yake. Yule dada alitembea hadi mlangoni na kurudi, akasema, "Kumbe ugonjwa ulikuwa kamba!" Wanafunzi wa chuo wanaokimbia nao huja visigino vimejaa malengelenge. Kwa hao tunatumia yale matundu mawili ya juu kabisa ambayo watu huyaacha wazi. Unatengeneza kitanzi kidogo kila upande, unaingiza kamba ya huku kwenye kitanzi cha kule, ukivuta kisigino kinakaa kimya.

Ila aliyenigusa zaidi ni Mzee Filipo, mwalimu mstaafu. Alipata kiharusi mwaka jana, mkono wake wa kushoto umelala. Mkewe, Mama Paskazia, alikuwa anapiga magoti kila asubuhi kumfunga viatu. Alimleta dukani ili anunue vya kutumbukiza mguu tu, visivyo na kamba. Mzee akakataa, akasema yeye hajawa mtoto. Mama Jashoda aliomba kiatu chake kimoja. Alipiga fundo ncha moja ya kamba, akaliweka ndani ya tundu la chini lisitoke, kisha ile ncha nyingine akaipandisha peke yake, huku na kule, mpaka juu, na mwisho wake akauchomeka chini ya kamba yenyewe. Mkono mmoja unatosha. Mzee alijaribu mara tatu ikamshinda, sisi wote tukajifanya tunapanga maboksi. Mara ya nne ikakaza. Alikaa akikitazama kile kiatu, na Mama Paskazia akageukia ukuta. Siku hiyo ndipo nilipoipenda kazi hii.

Sasa nije kwangu. Unakumbuka kamba zangu zilivyokuwa zinafunguka tangu nikiwa mdogo. Njia ya shule nilikuwa nainama mara tano. Mama alisema ni uvivu, mwalimu alisema ni uzembe, na mimi mwenyewe nikaamini kwamba mikono yangu ina kasoro. Siku moja Mama Jashoda aliniona nimeinama dukani kwa mara ya tatu. Akaniambia nifungue nifunge tena, polepole, mbele yake. Akanionyesha kwamba vitanzi vyangu vinalala kwa urefu wa mguu, kimoja kinatazama vidole, kingine kinatazama ugoko, wakati fundo zuri hulala kukatiza mguu. Akaniuliza ni nani alinifundisha. Nikamwambia ni wewe, kwenye ngazi ya jikoni.

Akaniuliza kama baba yangu anatumia mkono wa kulia. Nikasema ndiyo. "Na wewe ni wa kushoto," akasema. Basi akanieleza kwamba lile fundo la kwanza la chini nililichukua kwako kama lilivyo, la mtu wa kulia, halafu vitanzi vya juu nikavifunga kwa mkono wangu wa kushoto. Yote mawili yakawa yanageukia upande mmoja, na mafundo ya namna hiyo mtu akitembea yanafunguana yenyewe. Kwa hiyo hukukosea, Baba, wala mimi sikuwa mzembe. Aliniambia nibadilishe kitu kimoja tu: ile kamba niliyozoea kuipitisha juu mwanzoni, niipitishe chini.

Siku hiyo nilitembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Mkonze kwa makusudi. Hazikufunguka. Nilipofika nilikaa kitandani na viatu miguuni nikalia, na jirani yangu akagonga kuuliza kama kuna msiba nyumbani. Nilimwambia hapana. Sikuweza kumweleza kwamba nilikuwa nalia kwa ajili ya siku moja tu niliyovaa raba, miaka kumi na sita iliyopita.

Mwezi mmoja baadaye aliingia mteja anayetaka raba. Nilipiga magoti kumpimisha, nikainua uso. Alikuwa Paulina, binti wa jirani yetu Mzee Nathanaeli. Najua jina hilo halitajwi nyumbani, lakini naomba usiikunje barua hapa.

Paulina sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, anaishi mtaa wa Kikuyu, hapa hapa Dodoma. Alinitambua. Tulitazamana, kisha akaniamkia kwa Kigogo, "Mbukwa," kama tulivyokuwa tukiamkiana njiani tukienda shule. Nikaitikia, "Mbukwa." Nilianza kumtia kamba kwa sababu sikujua la kufanya na mikono yangu, na kabla sijafika tundu la tatu nilishamwambia yote. Yale niliyomwambia yeye nimeona haya kukaa nayo bila kukuambia wewe.

Baba, Paulina hakunikanyaga.

Ile siku ya mashindano ya wilaya, mita mia nane, asubuhi uliniambia nifunge raba vizuri, nikakujibu nimefunga. Zilikuwa raba ulizoniletea kutoka Dodoma, nyeupe, wewe mwenyewe ulinivalisha soksi zake. Kwenye kona ya mwisho nilikuwa mbele. Nikahisi mguu wa kulia umelegea. Sikusimama. Nikaikanyaga kamba yangu mwenyewe, nikaanguka, na Paulina akapita akashinda. Uliruka kamba ya uwanja ukanijia, ukaninyanyua, mkono wangu umeteguka, mdomo umejaa vumbi, na neno la kwanza ulilosema lilikuwa, "Nani kakuangusha?" Hukuniuliza nimeangukaje. Nilikuwa na miaka kumi na tano, nikaona aibu kukuambia kwamba ni kamba. Nikasema, "Paulina kanikanyaga."

Sikujua neno dogo namna hiyo linaweza kwenda mbali vile. Jioni yake ulivuka njia ukaenda kwa Mzee Nathanaeli, na sisi tuliokuwa ndani tulisikia mlivyopandishiana sauti, watu waliokuwa wakihudumia ng'ombe pamoja tangu ujana, mlioshikiana watoto kwenye ubatizo. Ulimwambia amezaa mwizi wa ushindi. Yeye alikuambia umezaa mwongo. Baba, yeye ndiye aliyekuwa sahihi, na mimi nilikuwa nyuma ya pazia, mkono umefungwa kitambaa, nikakaa kimya. Shuleni walimzomea Paulina mpaka akahamishiwa kwa shangazi yake Morogoro, na hakukimbia tena. Wewe tangu hapo unakaa mabenchi ya kushoto kanisani na Mzee Nathanaeli ya kulia. Mazishi ya mama yake ulituma mchango kwa mkono wa mtu. Kila mwaka uliopita ulifanya kusema kuwe kugumu zaidi, mpaka nikajipa moyo kwamba mambo yamezoeleka.

Nilipomaliza kumwambia Paulina, nilingoja anipige, na nilikuwa tayari. Aliinama akaitazama ile raba moja iliyokuwa mguuni. Halafu akasema, "Debora, mimi nilikuwa nyuma yako. Niliiona ile kamba ikirukaruka tangu kabla ya kona. Ningepiga kelele ungesikia. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kushinda." Ndiyo maana, alisema, walipomzomea hakujitetea sana. Alijiona anastahili kidogo. Miaka yote hiyo, Baba, kila mmoja anajua lake na kulificha, na nyinyi wazee wetu mmebeba yetu wote wawili.

Tulilia pale pale kati ya maboksi. Bwana Jayant alitoka nje kwa heshima, na Mama Jashoda akatuletea chai yenye tangawizi bila kuuliza lolote. Siku hizi kila Jumamosi asubuhi mimi na Paulina tunakimbia kutoka Kikuyu, tunazunguka, tunarudi. Yeye bado ana kasi kuliko mimi. Tunacheka sana. Sijawahi kuwa na furaha ya namna hii tangu niondoke nyumbani, na nadhani ni kwa sababu hakuna tena mahali ninapoogopa kukumbuka.

Nisamehe, Baba. Nilikufanya umkosee rafiki yako kwa kuniamini mimi. Ukikasirika utakuwa na haki, na ukitaka kunigombeza, nitakuja nisimame mbele yako unigombeze. Tumeomba ruhusa kazini. Jumamosi ijayo tutapanda basi la asubuhi kuja Mpwapwa, mimi na Paulina.

Ila kabla ya hapo kuna jambo moja. Barua hii nimempa Fredy, kondakta wa basi la Mpwapwa, akuletee nyumbani kwa mkono. Paulina naye amemwandikia baba yake barua ya kwake, na Fredy amezichukua zote mbili. Tumemwomba azifikishe kwa wakati mmoja: atoke kwetu, avuke njia, agonge kwa Mzee Nathanaeli. Kwa hiyo hivi unavyosoma, naye amekaa kibarazani kwake anasoma. Ukivua miwani ukainua kichwa, utamwona. Na mimi namjua Mzee Nathanaeli, atakuwa anaona aibu kuanza. Uanze wewe, Baba. Yeye alikuwa sahihi.

Msalimie Mama, umwambie asilie, mimi ni mzima. Msalimie Evodia, na umwambie nimemwekea jozi ya viatu vya kanisani, nitakuja nayo. Mjulie hali shangazi, na majirani wa pande zote mbili za njia. Mungu akulinde, goti lako lipate nafuu, nikukute na nguvu.

Ni mimi mwanao ninayekupenda,
Debora Elisha